Mguu wa Kushoto

Kaka yangu hakuamini neno la mtu kuhusu kitu chochote chenye nati. Alikuwa rubani wa helikopta za jeshi, na kabla ya kuruka aliizunguka mashine yake yote kwa miguu, mkono mmoja ukiigusa, kutoka puani hadi mkiani na kurudi upande wa pili. Fundi angemwambia kila kitu kiko sawa, naye angemshukuru vizuri, kisha azunguke vilevile. Hili silijui kwa kusimuliwa tu. Alilifanya hata nyumbani, kwa pikapu yake nyeupe, kila Jumapili aliyokuwa likizoni. Sisi tumeshavaa, mama ameshika Biblia yake, kwaya tunaisikia kutoka bondeni, na bwana mkubwa amechutama na suti anagusa gurudumu.

Binti zake wawili walimfuata nyuma, wakigusa kila alipogusa. Mdogo hakufikia kioo, kwa hiyo aligusa mlango na kuendelea. Shemeji, mke wake, alisimama pembeni ameshika viatu vya watoto. Mimi nilikuwa ndani ya gari nikipiga honi. Sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Siku moja nilimwambia tairi ziko sawa, nimeziona. Akaniuliza, "Umeziona ama umezigusa?" Nikasema nimeziona. Akaniambia nishuke nikaguse, na akangoja hapo, mbele ya watoto, mpaka nikagusa zote nne kama mwanafunzi aliyechelewa.

Tabia hiyo hakuipata jeshini. Aliipata kwa mama. Baba alitutoka tukiwa wadogo, na mama akatulea peke yake kwenye mteremko ulio nusu saa kwa miguu kutoka soko la Kasikeu, kwa mbuzi, ndengu na kelele. Mbuzi akipotea, nawe ukarudi ukisema umeambiwa yuko kwa jirani, mama hakukujibu hilo. Alikuuliza kama umemwona. Ukisema hapana, ulirudi njia uliyojia, jua liwake lisiwake. Nyumbani kwetu jambo halikuwa jambo mpaka mmoja wetu aende akalione na arudi kusema. Kaka alilichukua somo hilo akapanda nalo hadi angani. Mimi nililisikia utoto wangu wote, na siku moja tu lilipohitajika kwa kweli, nilifumba macho.

Nitafika hapo. Kwanza nieleze huo mguu.

Shamba letu ni la matuta, maana bila matuta udongo wote ungekuwa umeshateremka mtoni. Likizo moja kabla ya mvua mama alimpa kila mmoja wetu kipande chake cha mtaro. Kaka alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi. Nilikuwa namshinda, au niliamini hivyo, akasogea karibu kuniambia mtaro wangu umepinda. Sikupenda. Niliinua jembe juu kupita kiasi nikalishusha kwa hasira bila kuangalia, likatua juu ya mguu wake wa kushoto. Mpaka leo naona ule weupe uliotokea kabla ya damu. Alikaa chini, akaufunga mguu kwa shati lake, akaniambia ninyamaze. Mama alipofika, kaka alisema amejikata mwenyewe. Mama alienda kuliangalia jembe langu na kuliweka kando.

Kovu lilibaki. Lilianzia chini ya kidole gumba, likapanda juu ya mguu likiwa limepinda kama mundu, likaishia karibu na kifundo. Alipoenda kuandikishwa jeshini daktari alimwuliza kilichomkata, naye akasema alikanyagwa na ng'ombe. Alinisimulia hayo akicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka sana.

Watu wakisikia rubani wa jeshi wanafikiria mtu wa miwani ya giza na kifua mbele. Huyu alikuwa mtu wa kushona vifungo. Shemeji ni nesi, anafanya kazi Kitui kwa zamu zisizoeleweka, na kaka akiwa likizoni ndiye aliyebaki na watoto. Alijifunza kusuka nywele: mistari mitatu kwa kila kichwa, yote ikienda kombo, na binti zake walikataa mtu yeyote azifumue. Alipika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, usioiva, na akatutazama mmoja mmoja mpaka tumalize sahani. Akiwa kambini alipiga simu kila saa kumi na mbili jioni ili kila mtoto amsomee ukurasa mmoja. Binti mkubwa ana haraka kama mimi, akawa anaruka mistari, akidhani baba hawezi kujua. Baba alijua. Alikuwa amenunua kitabu hichohicho akakiweka kwenye mkoba wake, karibu na ramani.

Mara moja tu alipita juu ya boma letu. Walikuwa katika mazoezi kuelekea kusini, na nadhani hakuweza kujizuia. Ilikuwa mchana, mama ametandaza ndengu za msimu mzima kwenye turubai uani. Helikopta ilipita chini sana, ikainama kidogo kama mtu anayeinua kofia, na ndengu zote zikaenda kwa majirani. Jioni hiyo mama alimgombeza kwenye simu kwa Kikamba ambacho siwezi kukiandika. Likizo iliyofuata kaka alikuja na turubai mpya na akaweka mawe kwenye pembe zote nne. Tangu hapo mama akisikia helikopta yoyote, hata ya wanasiasa, anatoka mbio kuzifunika ndengu. Mpaka mwaka jana alikuwa bado anatoka mbio.

Kaka alikufa siku ya Alhamisi, mchana. Nilikuwa dukani kwangu sokoni, ninapouza mbegu na dawa za mifugo, nikimpimia mteja dawa ya kupe. Shemeji alinipigia, akaniambia kwa sauti yake ya kazini, ile ya kusema jambo mara moja na kulimaliza. Walikuwa wanawapelekea askari chakula huko kaskazini. Helikopta ilianguka ikikaribia kutua, ikashika moto. Walikuwa wawili ndani, yeye na rubani mwenzake, kijana kutoka magharibi. Kwa nini ilianguka sitaandika, kwa sababu sijui. Nilimaliza kumpimia yule mteja, nikamfungia chupa. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko mengi yaliyofuata.

Kufikia Jumamosi mazishi yalikuwa yameshapangwa. Siku ilikuwa imetangazwa kanisani, hema na viti vimeitishwa, na karatasi za ratiba zimechapishwa zikiwa na picha yake akiwa na sare. Sisi tuko hivyo. Kamati ikishakaa, hata marehemu hana ruhusa ya kuchelewa. Kilichobaki ni mtu wa familia aende mochari Nairobi amtambue.

Tulienda wanne, mimi, wazee wawili wa ukoo na shemeji. Mlangoni shemeji alisema ataingia. Alisema ameshawaona watu walioungua, amewaosha kwa mikono yake, na kwamba mume wake atamjua hata kwa kisigino. "Mimi ni nesi," aliniambia. "Nitaangalia, kisha niwaambie." Wazee walitikisa vichwa. Wangekubali kama ningemwunga mkono, nami sikumwunga mkono. Nilisema hayo si mambo ya mwanamke, kwamba anapaswa kumkumbuka akiwa mzima, na kwamba mimi ndiye ndugu. Nilisema kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa hufoka. Akaenda kukaa ndani ya gari.

Wazee nao walibaki kwenye benchi. Niliingia peke yangu na afisa mmoja, mtu mpole, mwenye faili. Alinieleza taratibu kwamba moto haukubakiza sura. Lakini buti zilikuwa zimeihifadhi miguu, kwa hiyo kama kuna alama miguuni itaonekana. Akasema pia kwamba tukitaka, wanaweza kuchukua mate ya mama wapime na kulinganisha, ila majibu ni ya kungoja wiki kadhaa. Nilifikiria zile karatasi za ratiba. Nikamwambia hakuna haja, ana kovu kwenye mguu wa kushoto na ninalijua, mimi ndiye niliyemkata.

Kulikuwa na meza mbili. Alienda kwenye ya kwanza, akashika pindo la shuka upande wa miguu, akasema yuko tayari nikiwa tayari. Hapo nikaliona tena lile jembe likishuka, na ule weupe kabla ya damu. Nilifumba macho. Nikasema, "Ni yeye."

"Umeona alama?"

"Nimeona."

Sijui kama shuka lilikuwa limeinuliwa. Nadhani naye alikuwa ametazama pembeni, kwa heshima. Nilisikia kalamu ikiandika, nikafungua macho, nikatia sahihi aliponionyesha. Kuinamisha kichwa na kutazama mguu kungenichukua muda wa kuvuta pumzi mbili. Kaka yangu alizigusa tairi za pikapu kwa dakika kumi kila Jumapili, na mimi sikuweza kumtazama mguu kwa pumzi mbili.

Shemeji alikuwa ametoka ndani ya gari, ameliegemea. Aliniuliza kama ni yeye. Nikasema ni yeye. Akauliza kama nimeuona mguu, nikasema nimeuona. Alinitazama muda mrefu. Nilidhani ni majonzi.

Sanduku lilikuja limefungwa, na bendera juu yake, na tukaombwa tusilifungue. Mama hakubishana na wanajeshi. Aliweka mkono wake juu ya mbao, upande wa kichwa, akaanza kulizunguka polepole, mkono ukiteleza hadi miguuni na kurudi upande wa pili. Hakuna aliyewaambia wale watoto, lakini walisimama kutoka kwenye viti vyao wakamfuata nyuma, wakigusa alipogusa. Watu waliacha kuimba. Alipomaliza akaja mbele yangu.

"Wewe ulimwona?"

"Nilimwona, mwaitu."

"Na kovu?"

Nilimweleza kovu. Nilimweleza linapoanzia chini ya kidole gumba, linavyopinda na linapoishia. Nilieleza vizuri sana kwa sababu nilikuwa nalijua tangu nikiwa na miaka kumi. Mama aliitikia kwa kichwa kila hatua. Kisha akasema, "Basi kama wewe umeona, tumzike."

Alimzika akiwa na amani, na hiyo ndiyo sababu sikusema kitu mwezi huo, wala mwaka huo. Kaburi tulilijengea saruji, chini ya tuta la tatu. Kila siku saa kumi mama aliteremka, akagusa ukingo wa saruji, akapanda tena kwenda kukamua mbuzi. Nilijiambia huenda nilisema kweli bila kujua. Kulikuwa na meza mbili na miili miwili, na mtu anaweza kubahatisha akapata. Niliishi kwa hesabu hiyo miaka sita.

Kisha mwaka jana nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua. Alijitambulisha kama kaka mkubwa wa yule rubani mwenzake aliyekufa na kaka. Alikuwa anasafiri kwa basi kwenda Mombasa, akaomba tuonane Makindu ashuke kidogo. Alisema ana swali moja tu, na si la kuulizana kwa simu. Nilifunga duka nikaenda.

Tulikutana kwenye hekalu la Masingasinga, ambapo msafiri yeyote hula bila kuulizwa anatoka wapi. Tulivua viatu, tukafunga vitambaa kichwani kama kila mtu, tukaketi chini kwenye mkeka, tukawekewa chapati na dengu. Alikuwa mtu mzima, mwalimu, mwenye mikono mikubwa. Hakula. Aliniambia kwamba siku zile familia yake iliambiwa mmoja ameshatambuliwa na ndugu yake, kwa hiyo aliyebaki ni wa kwao. Hapakuwa na la kuuliza. Lakini wazee wa kwao walikataa kuzika sanduku lililofungwa, wakaingia mochari watu wawili, yeye na binamu yake.

"Hakukuwa na kitu ya kuvalisha," aliniambia, "isipokuwa miguu. Tukasema angalau tumvalishe soksi. Mguu wa kushoto ulikuwa na kovu. Limepinda hivi." Akachora kwa kidole juu ya mkeka. "Mdogo wangu hakuwa na kovu."

Walijiambia labda aliumia jeshini, maana miaka mingi ilikuwa imepita bila wao kumwona miguu. Wakamvalisha soksi, wakafunika, hawakumwambia mama yao. Mama yao anapalilia kaburi kwa mkono, alisema, hataki jembe liguse pale. Amepanda maua kulizunguka. Huyu mwalimu ndiye asiyepata usingizi.

"Nimekuja kukuuliza kitu moja tu. Wewe si uliona?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Alikuwa ametoka mbali, amekaa mbele yangu hana viatu, ananiomba. Mdomo wangu ukasema, "Niliona."

Akashusha pumzi. Akasema pengine ni kweli mdogo wake aliumia kazini, kwa sababu hata kidole gumba cha mguu huohuo hakikuwa na ukucha, ni kama ulikuwa umeng'olewa. Mimi nikauparamia huo ukucha. Nikamwambia kwa sauti kubwa, mpaka wasafiri wengine wakageuka, kwamba kaka yangu alikuwa na kucha zote kumi, kwamba nimemwona miguu likizo hata likizo, na kovu la jembe nani aliyekulia shambani hana. Hilo la kucha niliamini. Alinishukuru kwa mikono miwili. Akala chapati zake sasa, zikiwa zimepoa, akaenda kuwahi basi.

Nilirudi nyumbani na ule ukucha kama mtu aliyepewa dawa. Kila wasiwasi ulipokuja niliutoa nikautazama. Mtu wa kule hana ukucha, kaka alikuwa nao, kwa hiyo wa kule si kaka, kwa hiyo wa hapa ni kaka. Shemeji angeweza kunithibitishia kwa neno moja. Mwaka mzima nilizungumza naye kwenye simu kuhusu karo, mvua na presha ya mama, na sikumwuliza. Nilijua kwa nini simwulizi.

Mwezi uliopita moyo wa mama ulichoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kutafuta. Tulimpeleka hospitali ya mji wa Wote, akakaa siku tisa, kisha daktari akatuambia kwa upole kwamba tumrudishe nyumbani akae na watu wake. Shemeji alichukua likizo akaja kutoka Kitui na binti zake, ambao sasa ni wasichana wakubwa. Anamwosha, anamgeuza, anamlisha uji kwa kijiko. Mama anamwita mwanangu.

Juzi, baada ya chai ya saa nne, mama alisema anataka mahali pake papimwe. Mchungaji alikuwapo na hakufurahi. Alisema mambo ya mtu kupimiwa kaburi akiwa hai yanaleta maneno. Mama alimwambia yeye hatafuti maneno, anatafuta kigingi, ili mtu asije akapanda ndengu pale. Alitaka upande wa kushoto wa mwanawe, karibu kabisa. Kisha akaniambia nikae kitandani.

"Niambie tena vile uliona."

Nimemwambia mara nyingi kwa miaka hii, kila alipozidiwa na kumbukumbu. Nikamweleza tena. Chini ya kidole gumba, limepinda kama mundu, mpaka karibu na kifundo. Binti mkubwa alikuwa mlangoni, shemeji alikuwa anakunja mashuka. Mama alifumba macho akatabasamu. Alisema yeye haogopi kufa, ila angeogopa kulala kando ya mtu asiyemjua.

Nilitoka kwenda stoo kuchukua jembe na kamba. Shemeji alinifuata, akasimama kwenye mwanga wa mlango.

"Shem," akasema, "hukutaja ukucha."

Nilimwuliza ukucha gani.

"Wiki mbili kabla hajafa drumu ya mafuta ilimwangukia mguu kule kambini. Ukucha wa kidole gumba ukatolewa. Alikuja kwangu wikendi moja nikamfunga bandeji mimi mwenyewe. Hakutaka mama ajue. Mtu ameangalia huo mguu hawezi kosa kuona hiyo. Miaka saba nangoja utaje ukucha."

Niliketi juu ya gunia la mbegu. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Alijibu kwamba siku ya mazishi hakutaka kumpokonya mama kitu alichokuwa amepewa. Mwaka wa kwanza alijiambia labda nilisahau. Baadaye akaona kila nikieleza naongeza kitu kwenye kovu, na ukucha hauji. Hakuinua sauti. Ningependa angeinua.

"Sasa yuko wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari za Makindu, za yule mwalimu aliyechora juu ya mkeka, na nilivyomfukuza kwa uongo uleule. Nilimwambia kuhusu mama wa watu anayepalilia kwa mkono na maua aliyopanda. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mgonjwa anayeeleza maumivu, bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kama wale waliomvalisha walimvalisha soksi zote mbili. Nikasema zote mbili. Akaitikia kwa kichwa.

"Mimi ningeangalia," akasema. "Mlinikataza, na mimi ningeangalia."

Hakuna cha kulirekebisha hilo. Kuwafukua wawili kunataka mahakama, na miezi, na kina mama wawili waambiwe, na wetu hana miezi. Nikimwambia mama leo, namwua kwa hofu ileile aliyoitaja. Nisipomwambia, namlaza kando ya kijana wa magharibi ambaye mama yake yuko mbali anapalilia kaburi la kaka yangu. Nilitaka shemeji anitukane au aniambie la kufanya. Alijipangusa uso kwa pindo la leso, akarudi ndani, ilikuwa saa ya dawa.

Niliteremka hadi tuta la tatu. Wale wasichana walikuja nyuma yangu bila kuitwa, mdogo ameshika kigingi. Niliifunga kamba kwenye ukingo wa saruji nikaivuta hadi upande wa kushoto. Waligusa ukingo, mmoja baada ya mwingine, kama walivyogusa pikapu. Niliwaacha waguse. Nilikipigilia kigingi kwa upande butu wa jembe, nikitazama kila pigo linapotua.

Kutoka dirishani mama aliniita. Sauti yake haifiki mbali siku hizi, lakini upepo ulikuwa unatoka kwake.

"Umepima ama umekisia?"

"Nimepima, mwaitu," nikamjibu. Hilo lilikuwa kweli.